Sauti moja ya wanawake wote

Nimetoka kwenye kibanda cha video sasa hivi, Kawempe, Kampala. Katuni ya vita, VJ, yaani mtafsiri wa filamu, mwenyewe yuko mbele anatafsiri kwa Kiganda.

Kwa wasiojua kazi hii: VJ anapunguza sauti ya filamu, anaongea juu yake kwa maikrofoni moja. Malkia, binti, jambazi, wote ni yeye.

Wanaume wawili wakibishana, anabadilisha uzito wa sauti, unajua nani ni nani. Wanawake wawili? Wote wanapewa kasauti kalekale ka puani. Ukumbi unacheka hata pale mmoja anapolia.

Kuna kipimo cha filamu inavyowapa wanawake nafasi, cha mchora katuni Mmarekani Alison Bechdel, cha 1985. Kina masharti matatu: wanawake wawili wawemo, waongee wao kwa wao, na si habari za mwanamume.

Filamu yenyewe ilipita. Tafsiri ikaanguka: wanawake wale wawili walikuwa wameinamia ramani wakitafuta njia, VJ akawafanya wanagombania bwana. (Ati inanogesha!)

Angewatofautisha kwa kasi ya kuongea tu, mmoja polepole, mwingine haraka. Na kilio angekiacha kisikike.

Kitoto cha kike benchi la mbele hakikucheka. Kilikuwa bado kinaangalia ramani.

Wa Jinja, wa Mbale, VJ wenu wanafanyaje?