Alto Hawasikiki

Wimbo wa kwaya niliokuwa nikiuchanganya ulikuwa na treki 22, yaani sauti zilizorekodiwa kila moja peke yake: saba za ngoma, gita la besi, magita mawili, kinanda, na zilizobaki zote ni waimbaji. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, River Road, Nairobi, na mwalimu wa kwaya alikaa nyuma yangu.

"Produsa, alto hawasikiki."

Nikawapandisha hao wanawake wa sauti ya chini desibeli 2, kipimo cha nguvu ya sauti. Wakasikika, gita likapotea. Nikapandisha gita, likammeza mwimbaji kiongozi. Kufikia saa mbili usiku taa ya masta, pale treki zote zinapokutana, ilikuwa ikiwaka nyekundu kila ngoma kubwa ilipopigwa. Treki hujumlishwa: mbili zenye nguvu sawa huongeza kama desibeli 3, na zikiwa nakala ya kitu kimoja, 6. Kwenye kompyuta sifuri ndiyo dari. Kilele kinachoipita hukatwa, na sikio husikia mkwaruzo.

Nikashusha fada zote, vitelezi vya kupandisha na kushusha kila treki, chini kabisa, nikaanza upya. Ngoma kubwa kwanza, ikigonga -10 kwenye masta, yaani desibeli kumi chini ya dari. Kisha besi, mpaka ikakaa chini ya ngoma. Halafu kiongozi, kabla ya gita na kinanda, ili vyombo vimfuate yeye. Alto sikuwagusa. Kinanda kilikuwa kikipigwa katika noti zao zilezile; nilipokipunguza desibeli 3, wakajitokeza wenyewe.

"Sasa umewapandisha," Mwalimu akasema. Nikanyamaza.

Spika nazo nilizipunguza mpaka tukaweza kuongea bila kupaza sauti. Spika zikivuma, besi huonekana imejaa, nawe unaishusha kupita kiasi; zikiwa chini, inaonekana imekonda. Kwa hiyo niliisikiliza kwa viwango vyote viwili kabla ya kuamua. Katika ubeti wa pili kiongozi alikuwa karibu kunong'ona mstari mmoja. Hapo nilirekodi mwendo wa fada yenyewe: desibeli 2 juu kwa mstari huo, kisha irudi kabla ya kiitikio. Masta ikatulia, vilele vyake vikifika -6.

Teno mmoja, mwanaume wa sauti ya juu, ndiye aliyeshindikana. Maikrofoni yake ilifunguliwa mno siku ya kurekodi, vilele vikakatwa hukohuko, kwa hiyo kila nilipomshusha, mkwaruzo ulishuka naye. Alirudi Jumamosi kuimba tena. Nilimwomba kwanza aimbe ile sehemu ya juu kwa nguvu zake zote, nikapunguza maikrofoni mpaka ikagonga -12, ndipo nikabonyeza kitufe.