Kikapu cha kwetu kwenye zulia la Brussels

Jumapili iliyopita mtu kaniambia usoni kwamba kikapu cha kwetu Iringa si cha kwetu. Mpaka leo neno lile limenikaa kooni, ndiyo maana naandika usiku huu badala ya kulala, na kesho naingia kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mnaonifahamu mnajua kwamba hapa Brussels nahudumia wazee, huu mwaka wa tisa. Kuna bibi mmoja wa miaka 91 ambaye wajukuu zake walimkatia tiketi ya matembezi ya mjini, zawadi ya siku ya kuzaliwa, wakati miguu yake haimfikishi hata dirishani. Akanipa mimi. "Nenda, ukirudi utanisimulia." Tiketi imeandikwa euro 18. Wa nyumbani pigeni wenyewe hesabu ya madebe ya mahindi. Kutembea mjini kwa miguu yako mwenyewe, saa mbili na nusu, na unalipia! Siku tatu nilikaa nayo nikiwaza kama inaweza kurudishwa tupewe hela. Nilikwenda kwa sababu bibi alikuwa anasubiri masimulizi.

Matembezi yanafuata nyayo za Hergé, mchoraji wa hadithi za Tintin, yule kijana mwandishi wa habari mwenye kishungi na mbwa mweupe. Jina lake la kuzaliwa ni Georges Remi, mtoto wa Etterbeek, hapahapa Brussels, kazaliwa 1907, kafariki 1983. Tintin alimwanzisha Januari 1929 katika toleo la watoto la gazeti moja la hapa, na vitabu vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 200. Kiongozi wetu, mzee mwenye mwavuli wa kijani, hakutuzungusha kwenye nyumba alizolala mchoraji wala shule alizosoma. Swali lake kila tuliposimama lilikuwa moja: hiki alikiona wapi?

Tulianzia Rue de l'Étuve, ambako Tintin, Kapteni Haddock na mbwa wamechorwa ukutani wakishuka ngazi za chuma. Tukapanda mpaka ikulu ya mfalme. Mzee akafungua kitabu akakiinua juu: ikulu ya Syldavia, nchi ya kubuni, na nyuma ya kitabu ikulu yenyewe imesimama. Ukiangalia mchoro, kisha ukiangalia jengo, unaona mmoja umezaliwa na mwenzake. Nimepita pale kwa basi miaka yote hii sijawahi kulitazama lile jengo sawasawa.

Na lugha ya hiyo Syldavia? Aliichota kwa bibi yake. Bibi alikuwa anaongea lahaja ya Marolles, mtaa wa walalahoi, Kiholanzi cha mjini kilichochanganyika na Kifaransa. Hergé akaiandika kwa herufi za kigeni-kigeni, ikawa lugha ya taifa zima lenye mfalme wake. Hapo nilisimama, wenzangu wakaniacha nyuma. Sisi shuleni Iringa tulivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kihehe. Nilikivaa mara mbili, mara ya pili kwa sababu nilimwamkia mama wa rafiki yangu "kamwene" getini, mwalimu akasikia. Bibi yangu amekufa na maneno mengi ambayo sikumwuliza.

Tulipofika kwenye jumba kubwa la mahakama, juu ya Marolles, mzee akaingia kwenye habari ya Kongo. Watu kumi na nne, wote wakageuka kunitazama mimi. Hakuna aliyesema kitu, lakini jamani, macho yana uzito. Mimi ni mtu wa Iringa! Kutoka kwetu mpaka mpaka wa Kongo ni safari, tena kuna ziwa zima katikati. Lakini ukiwa mweusi Ubelgiji, wewe ni Mkongo mpaka utoe kitambulisho.

Namshukuru mzee kwa sababu hakupaka sukari. Alisema Hergé alianza hadithi ya Kongo mwaka 1930, akiwa na miaka 23, hajakanyaga Afrika. Alichukua alivyoviona kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya mji, na alivyosikia kwa wakubwa zake. Kuna sanamu pale ya mtu aliyevaa ngozi ya chui, ndiyo iliyoingia kitabuni. Kitabu hicho nimekisoma kwenye maktaba ya kazini. Midomo ile, ile lugha waliyopewa wale watu, na Tintin darasani akiwafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Alipokichora upya mwaka 1946 somo likawa la hesabu. Mkongo mmoja alikipeleka mahakamani mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama ikakataa kukizuia. Mwenyewe Hergé uzeeni alikiri kwamba alikuwa amelishwa dharau za watu waliomlea. Mimi siombi kitabu kichomwe. Naomba kila anayekiuza akieleze kama alivyokieleza mzee yule, bila kutafuna maneno.

Halafu akatueleza jambo ambalo nimelibeba mpaka nyumbani. Mwaka 1934, Hergé alipotaka kumpeleka Tintin China, aliunganishwa na kijana wa Kichina aliyekuwa anasoma sanaa hapa Brussels, Zhang Chongren. Wakawa marafiki. Zhang akamweleza nchi yake ilivyo, akamwandikia hata maneno ya Kichina ya kwenye mabango ya barabarani. Kitabu kilichotoka hapo ni kitu kingine kabisa. Mtu ni yuleyule, mkono ni uleule. Safari hii aliuliza mwenye nchi.

Tukateremka kwa lifti ya kioo hadi Marolles, kwenye uwanja wa Place du Jeu de Balle. Soko la vitu vya zamani liko pale tangu 1873, na kila siku lipo. Hapo ndipo Tintin, katika kitabu cha mwaka 1943, ananunua mfano wa meli kumpa Kapteni. Mtu wa Iringa akifika anajisikia yuko Mashine Tatu: vitu chini juu ya mazulia, vijiko visivyofanana, mdoli wa mkono mmoja, picha za harusi za watu waliokufa zamani, muuzaji kakaa kwenye kiti cha kukunja anakula mkate.

Na katikati ya zulia moja, kati ya vinyago viwili, kikapu.

Nilikijua kabla sijainama. Milulu, majani ya kwetu ya kusukia. Ususi ule wa kwetu uliokazwa ambao hata ukimwaga ulezi haupenyi, mistari ya rangi ya damu ya mzee ikizunguka tumboni, na ukingo umefungwa kwa ule msuko wa kupishana ambao mama alikuwa akiufikia anamaliza kwa meno. Nilikigeuza. Chini kulikuwa na doa jeusi, la moshi. Kilikaa juu ya jiko la mtu.

"Congo," akasema muuzaji. "Euro 60."

Nikamwambia kwa upole, hapana bwana, hiki ni cha Iringa, Tanzania, wanasuka akina mama wa Kihehe, mimi nimezaliwa huko. Akacheka. Akasema yuko kwenye kazi hii miaka thelathini, anajua vitu vya Kongo. Nikarudia. Akakichukua mikononi mwangu, akakirudisha kwenye zulia, akaniambia kama sinunui nisishikeshike.

Nawaambia wadogo zangu mnaoniandikia kila wiki mkiuliza habari za kuja huku: jifunzeni Kifaransa kabla ya kupanda ndege. Siyo cha kusalimia, cha kugombania haki yako. Mwaka wangu wa kwanza ningeinamisha kichwa nikaondoka, kama nilivyofanya polisi wa mtaa alipokuja kuhakikisha naishi pale nilipojiandikisha, akakuta jina langu halipo kwenye kengele ya mlango, akaandika kwamba siishi hapo. Karatasi zangu zikasimama miezi miwili. Jina kwenye kengele, siku ileile unayopewa funguo! Hakuna atakayekuambia.

Safari hii sikuinamisha. Sauti yangu ilipanda, nadhani, kwa sababu mzee wa mwavuli alirudi. Nilijua ataniomba nisiharibu matembezi. Badala yake akaita kundi lote, akaniambia, "Madame, tueleze." Mimi! Nikawaeleza: majani yanakokatwa mabondeni, yanavyoanikwa, yanavyochemshwa na rangi, jinsi wanawake wanavyosuka huku wanapiga stori na mkono hausimami. Mama mmoja kwenye kundi, mtu mzima, akalipa zile euro 60. Kisha akatoa kikaratasi kwenye pochi akaniomba niandike. Nikaandika: Iringa, Tanzania, milulu, Wahehe. Akakisoma kwa sauti mara mbili mpaka matamshi yakakaa, akakitia ndani ya kikapu. Muuzaji alihesabu hela zake, hakunitazama.

Jioni nilimsimulia bibi yote. Usiku nikamkumbuka baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa mchoraji wa mabango pale mjini. Hoteli, maduka ya nyama, vinyozi kuanzia Miyomboni mpaka Kihesa, nusu ya kuta zile ni mkono wake na hakuna aliposaini. Alikuwa hakosi gazeti la katuni la Sani, anamnakili Ndumilakuwili wa humo kwa mkaa ukutani kwa bibi, na ukoo mzima ulimwita mvivu. Na mimi nilimwita hivyo, nikiwa nimeshaanza kutuma hela, kama vile hela inanipa ruhusa. Linaniumiza hilo kuliko la muuzaji.

Nikamtumia ujumbe wa sauti. Kile kichwa alichokichora ukutani kwa kinyozi wa Kitanzini, chenye njia pembeni, sisi watoto tulibishana miaka yote ni mwanamuziki gani wa Marekani. Alikiona wapi?

Alijibu asubuhi. Sauti imezeeka. Anasema hakuna mwanamuziki wala Mmarekani. "Yule ni baba yako. Alikuwa amerudi kutoka kwenye chai Mufindi, kanyoa, kapendeza, nikamwambia simama hapo mlangoni."

Picha za baba tulizonazo ni mbili, zote za uzeeni. Nilimpigia mdogo wangu saa ileile aende na simu akapige ule ukuta. Akaniambia dada, ukuta umepakwa rangi ya kampuni ya simu tangu mwaka juzi.

Baba mdogo anasema anaikumbuka sura yote, anaweza kuichora tena. Penseli anayo. Nimtumie miwani.