Mpigo wa Maikrosekunde 10

Risiva ile ya GPS, kifaa cha kupokea ishara za setilaiti, ililetwa kwetu Ngamiani ikiwa imeshahukumiwa. "Hiyo imekufa, mzee," alisema mmoja wa wale wageni watatu. "Tumeipima kwa mita, haitoi kitu."

Ilikuwa Julai 1999, kusi inavuma Tanga nzima, na mimi nilikuwa kijana wa karakana ya ami yangu: kulehemu, kusafisha bodi, kushika tochi. Wageni wetu walikuwa watu wa kurekodi mitetemo ya ardhi. Kituo chao kimoja kilikuwa juu huko Usambara, na rekoda yake ilikuwa ikiandika mitetemo vizuri, ila haijui ni saa ngapi.

Kwa kazi ile, kutojua saa ni msiba. Wimbi la kwanza la tetemeko hupita kwenye miamba kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde, na wao hulinganisha wakati lilipofika kituo hiki na kile ndipo wajue ardhi imetikisika wapi. Saa ya kituo ikikosea sekunde 1, umbali unakosewa kilomita 6. Ndiyo maana wanafunga risiva ya GPS. Setilaiti zile zina saa za atomu ndani yake, na risiva ikishazipata hutoa mpigo mmoja wa umeme kila sekunde inapoanza. Wakati ule Marekani ilikuwa bado inaichafua kwa makusudi ishara wanayopewa raia (waliacha Mei 2000), na hata hivyo mpigo ulikuwa kwa kawaida hautoki nje ya nanosekunde 340 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde).

Ami hakugusa kifaa kwanza. Aliuliza, "Mpigo wenu una upana gani?"

Dada aliyekuwa nao akafungua kitabu cha risiva akasoma: volti 5, maikrosekunde 10, yaani sehemu 10 za milioni za sekunde.

"Basi mita iacheni, mwanangu. Mita haiwezi kuuona."

Akaniandikia hesabu nyuma ya risiti ili nami nijue. Volti 5 zinazodumu maikrosekunde 10 ndani ya sekunde nzima, wastani wake ni maikrovolti 50. Mita inaonyesha wastani, kwa hiyo inaonyesha sufuri. Sekunde ukiigawa mafungu laki moja, mpigo unakaa kwenye fungu moja tu, na mafungu mengine yote ni kimya.

Oskiloskopu yetu, mashine inayochora umeme kwenye kioo jinsi unavyopanda na kushuka, ilikuwa ya analojia, ya megahezi 100, mtumba, nzito hadi kuibeba walihitajika watu wawili. Naipenda mashine ile mpaka leo. Tulipandisha antena juu ya bati, risiva ikakaa hadi ikapata setilaiti zake, nikashika probu, ncha ya waya wa oskiloskopu, kwenye tundu la mpigo. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja mnyoofu, mng'avu, umetulia. Bwana yule akatutazama kwa macho ya "si niliwaambia?"

Swichi ya triga, ile inayoamua mashine ianze kuchora lini, ilikuwa kwenye oto. Kwenye oto, mashine isipopata mpigo kwa muda mfupi tu, sehemu ndogo ya sekunde, inaanza kuchora yenyewe, tena na tena, mamia kwa maelfu ya mistari mitupu. Mpigo wa kweli ukija, unachorwa mara moja katikati ya mistari yote ile, na jicho halina namna ya kuuona. Nimekutana na mafundi wengi, watu wazuri wa kazi, ambao swichi ile haijawahi kutoka kwenye oto, na huwa nasikitika, kwa sababu nusu ya mashine hawajawahi kuitumia.

Ami akaipeleka kwenye nomali, ambako mashine huchora pale tu mpigo unapokuja. Kioo kikazimika kabisa. Akazungusha nobu ya kiwango cha triga mpaka volti 2 hivi, akaweka mwendo wa maikrosekunde 2 kwa kila mraba, akaongeza mwanga hadi mwisho.

"Funga dirisha. Na mlango."

Tulitundika mablanketi, nikaziba chini ya mlango kwa kikoi. Juu ya kioo tuliweka kofia ya boksi lililopakwa rangi nyeusi kwa ndani. Ami alinisukuma kichwa nikachungulia. Mwanzo sikuona kitu, macho yalikuwa bado na jua la nje. Kisha ukapita mwako wa kijani, hafifu, ukapotea. Sekunde moja kimya. Ukapita tena, palepale. Baada ya macho kuzoea giza niliuona wote: unapanda wima, unatembea miraba mitano, unashuka. Hata ule mpando wa mwanzo ulionekana, maana ndani ya oskiloskopu za namna ile kuna waya wa kuchelewesha ishara kidogo ili mchoro uwe umeshaanza mpigo unapofika.

"Mzima huyo," alisema ami. "Hana hata homa."

Kila mgeni alichungulia kwa zamu. Dada yule alikaa muda mrefu kuliko wote, akihesabu kwa sauti ya chini.

Sasa kama risiva ni nzima, rekoda inakataa nini? Ami aliuliza waya una urefu gani. Zamani ulikuwa wa mita 2, lakini antena ilikuwa imehamishwa na risiva ikaenda nayo, wakaweka kebo ya koaksia ya mita 30. "Leteni na waya wenu," akawaambia, nao wakaenda wakaurudisha umeviringishwa kama ulivyo.

Mpigo ukisafiri ndani ya kebo ile huenda kama sentimita 20 kwa nanosekunde, kwa hiyo mita 30 ni nanosekunde 150. Ukifika mwisho ukakuta hakuna wa kuupokea sawasawa, unarudi ulikotoka kama mwangwi, na ukigonga mwanzo unarudishwa tena. Ami alitaka kuuona mwangwi huo pale mpigo unaposhuka. Aliweka nanosekunde 200 kwa mraba, triga kwenye mteremko. Giza tupu. Mchoro mzima wa mwendo ule unachukua maikrosekunde 2, mara moja kwa sekunde; tuliminya macho tukahisi tu kwamba kuna kitu.

Ndipo akamwita jirani yetu mpiga picha wa pasipoti, aliyekuwa akisafisha mwenyewe filamu za nyeusi na nyeupe. Jamaa akaja na kamera na filamu ya ASA 400, akaifunga kwenye miguu mitatu mbele ya kioo, lenzi wazi kabisa. Taa nyekundu ya oskiloskopu tuliifunika kwa tepu. Akafungua shata akaishikilia, ami akihesabu mipigo 60, hakuna aliyesogea wala kukohoa. Dakika nzima, na mwanga wenyewe ukiujumlisha haukufika hata robo ya milisekunde. Mwishoni ami aliwasha kidogo taa ya miraba ili nayo iingie kwenye picha.

Picha ililetwa kabla ya magharibi, bado ina majimaji. Mstari ulikuwa mweupe, wazi. Mpigo unashuka hadi chini ya sufuri kwa volti 3 na zaidi, kisha unapanda tena mpaka volti 2 na ushei, kwa upana wa nanosekunde 300, ndipo unatulia polepole. Volti 2 zinatosha kwa rekoda kuhesabu mpigo wa pili. Ilikuwa inapewa sekunde mbili ndani ya sekunde moja, ikaona heri isiamini yoyote.

Dada yule aliishika picha kwa ncha za vidole. "Kumbe mpigo upo siku zote," alisema, "na huu mwingine pia upo."

Kazi ya mikono ilikuwa fupi. Kebo ni ya omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), risiva yenyewe ina omu 10 hivi, nikalehemu rezista, kipande cha kuzuia umeme, ya omu 39 mbele ya tundu la mpigo, ili jumla ikaribie zile 50 na mwangwi ukirudi umezwe. Picha ya pili ilitoka imenyooka: unashuka, unafika sufuri, unakaa.

Mwezi uliofuata walipiga simu kusema rekoda imeshika saa na haijaiacha, na kwamba wana vituo vingine vyenye waya mrefu. Tuliwatumia pakiti ya rezista za omu 39 kwa basi la asubuhi, pamoja na kopi za picha zote mbili, ya kabla na ya baada.