Gaumukh, kwa niaba ya bibi

Leo asubuhi nimefika Gaumukh, kwenye milima ya Himalaya nchini India, pale mto Bhagirathi, chimbuko la mto Ganges, unapochomoza chini ya mto wa barafu wa Gangotri, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hekalu la Kihindu la Gangotri ni mwendo wa kilomita 18 hivi. Jana tulilala Bhojbasa, kambi iliyo njiani, kichwa kikigonga kwa uhaba wa hewa. Maji ni ya kijivu, yamebeba mchanga na vipande vya barafu. Nilichota kwa viganja nikalitaja jina la marehemu bibi, aliyenisimulia tangu utotoni kule Mombasa jinsi mfalme Bhagirath alivyomsihi Ganga, mungu wa kike wa mto huu, ashuke kutoka mbinguni, na mungu Shiva akampokea kwenye nywele zake. Nililia sana. Bibi hakujaliwa kufika huku. Kopo lake la shaba nimelijaza, narudi nalo nyumbani.