Mabishano ya Dagaa

Mwaka 2022 chuo nilichokuwa nikifundisha, Morogoro, kilipokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza wengi kuliko viti. Wakubwa wakaamua somo la Stadi za Mawasiliano, ambalo kwetu maana yake ni Kiingereza, ligawanywe: kipindi kimoja kwa wiki ukumbini, kingine kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Moodle ilianzishwa na Martin Dougiamas kule Australia, toleo la kwanza likatoka 2002, na haiuzwi. Naamini kutouzwa huko ndiko kulikowavutia wakubwa kuliko mengine yote.

Mimi sikuipenda mwanzoni. Jukwaa la majadiliano nililolifungua lilikaa kimya wiki baada ya wiki. Nikiuliza swali, anajibu kiongozi wa darasa peke yake, na anajibu kwa sababu ni kiongozi. Lakini ukumbini nako kulikuwa hivyo hivyo. Vijana wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza wakakuta kila somo limegeuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Wakifika chuo, kusoma wanasoma, insha wanaandika, ila kuongea ndiyo kasheshe. Kinachowafunga midomo ni kicheko. Mtu akimwita mama yake "he", kosa la kawaida kwa aliyekulia kwenye "yeye" ya kila mtu, ukumbi mzima unalipuka, na anaweza kubandikwa jina atakalotembea nalo mpaka mahafali.

Ndipo nikawapa kazi ya kurekodi sauti. Dakika tatu, kwa Kiingereza, eleza jinsi jambo fulani linavyofanyika kwenu. Video zilikuwa nzito, mfumo ukazikataa, kwa hiyo tukabaki na sauti tupu. Wasio na bando la kutosha walimtumia kiongozi wa darasa kwa WhatsApp, naye akawapandishia usiku wa manane, bando la usiku likiwa nafuu. (Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijatoka. Anayefundisha chuo Tanzania hahitaji kuelezwa hali ya darasa kabla ya bumu.)

Siku ya kusikiliza kwa pamoja nilifika ukumbini na projekta na kompyuta. Sijamaliza kuunganisha nyaya, umeme ukakatika, na intaneti ikaenda nao. Nilitaka kuahirisha. "Madam, ngoja," akasema kiongozi wa darasa, "zote ninazo kwenye simu." Kijana mwingine akachomoa kwenye begi spika ndogo ya kuchaji, ile ya kupigia muziki geto, akaiweka juu ya meza yangu.

Tukasikiliza jinsi ya kupika vitumbua Tanga, jinsi ya kuposa Uchagani, jinsi ya kupanda daladala bila nauli, ambayo sikuipa alama nilizoombwa. Kisha ikaja sauti ambayo hakuna aliyeitambua. Ilikuwa ya kijana wa Ukerewe aliyekaa safu ya nyuma tangu muhula uanze, na ambaye hata kuitikia jina aliitikia kwa kunyoosha mkono.

Alieleza uvuvi wa dagaa. Kwamba wavuvi huenda ziwani usiku wa giza, wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za sola, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinavutwa. Kwamba mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, kwa kuwa ziwa lote lina mwanga na taa haiwaiti samaki tena. Alisema "fisherman" kwa mkazo wa katikati, kama Kiswahili kinavyotufundisha kuikandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, akasita, akairudia na mkazo mwanzoni, panapostahili. Hakuwa amejirekebisha hivyo mbele ya mtu yeyote. Kule geto kwake hakukuwa na wa kumcheka.

Katikati ya maelezo ya kuanika dagaa mchangani, ikasikika sauti ya mwanamke kwa mbali: "Nani kaacha bomba wazi?" Naye, bila kuzima simu, "Si mimi, mama!" Halafu mara moja, kwa utulivu wa mtangazaji wa redio: "As I was saying, the sand must be clean."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Nikamtazama kule nyuma nikihofia kwamba kazi yote imekwenda na maji. Naye alikuwa anacheka kuliko wote.

Mengine hayakuwa kwenye andalio langu la somo. Binti mmoja wa Kigoma akasimama akasema kwa Kiingereza kwamba kuanika dagaa mchangani ndiyo sababu dagaa wa Mwanza wana mchanga, na kwamba wa Kigoma ni wakubwa na watamu zaidi. Kijana wa Ukerewe akasimama. Akasimama kweli, akajibu kwamba siku hizi wengi wanaanika kwenye vichanja, na kwamba dagaa wa Kigoma wanasifiwa na matajiri tu kwa sababu ni ghali. Mtu wa Musoma akamuunga mkono. "He" na "she" zikachanganywa ovyo na hakuna aliyecheka, kila mmoja alikuwa na hoja ya kujibu. Mwenzangu wa takwimu alisimama mlangoni akitazama saa, na ilinibidi niwatoe kama wasimamizi wanavyotoa watu uwanjani.

Usiku huo jukwaa la Moodle liliamka. Binti wa Kigoma alikuwa wa kwanza, aya nzima, na picha ya dagaa kwenye ungo. Kufikia asubuhi majibu yalikuwa yamejaa ukurasa na mengine yameandikwa saa nane za usiku, saa za bando. Nikayasoma kwa mpangilio nikakuta karibu kila mmoja anaandika "more big" na "more cheap". Somo la wiki iliyofuata ukumbini nikalibadilisha papo hapo, likawa la kulinganisha, na mifano yote nikaitoa kwenye dagaa.