Nitengenezeeni mchezo wa kukuna nazi

Nikiambiwa nichague mchezo mmoja wa kompyuta utengenezwe kwa ajili ya wagonjwa wangu wa kiharusi hapa Pemba, nitachagua kukuna nazi. Mtazame mtu akiwa juu ya mbuzi: nyonga zimekunjika, mgongo umeinama, mikono yote miwili imekamata kizio, kiganja kinazungusha huku bega likisukuma. Hayo hasa ndiyo ninayohangaika, kama mtaalamu wa tiba ya viungo, kumfanyisha aliyepooza upande mmoja.

Miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwingiza mtu katika dunia ya kompyuta, niliyowahi kuijaribisha kwa wagonjwa ilikuja na tenisi. Bi mkubwa mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mpira huu nampigia nani?" Swali la haki kabisa. Baada ya kiharusi ubongo hujifunza upya kwa kurudia kitendo mara nyingi, na kitendo chenyewe kiwe kile ambacho mtu anakihitaji nyumbani kwake.

Siitarajii miwani ishike nafasi ya mikono yetu. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 72 yenye washiriki 2,470, hayakuona kwamba inaushinda mkono wa mtaalamu katika kurudisha kazi ya mkono uliopooza. Faida ilionekana pale ilipoongezwa juu ya mazoezi ya kawaida, mgonjwa akapata muda mwingi zaidi wa kujinyoosha. Kwetu, ambako wagonjwa ni wengi na sisi ni wachache, muda huo wa ziada si kitu kidogo.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni msimu wa karafuu. Tawi linakatika, mchumaji anaanguka, na wenziwe kwa huruma wanamnyanyua kwapani na miguuni, pengine wanamkalisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Mfupa wa mgongo uliopasuka tu unaweza kuukata uti wa mgongo, yaani mishipa ya fahamu inayopita ndani yake, hapo hapo, njiani. Mwanafunzi amesoma darasani namna ya kumgeuza majeruhi kichwa na kiwiliwili kwa pamoja, ila amejifunzia kwenye kitanda kilichonyooka, chumba kimetulia. Shambani kuna mteremko, matope na ndugu wanaolia.

Second Life, dunia ya kubuni iliyo kwenye intaneti, ilipofunguliwa mwaka 2003 vyuo havikukawia kuingia. Imperial College London walijenga humo hospitali ya kufundishia. Basi na sisi tujenge shamba la Pemba. Mwanafunzi aingie, aamue nani ashike kichwa, ubao utoke wapi, nani azuiwe asimvute majeruhi. Akikosea arudie, hakuna aliyeumia.

Vijana wa kompyuta wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, njooni msimu ukianza. Wachumaji wenyewe watawaonesha wanavyopanda, na ni muhimu mrekodi sauti pia, kwa sababu makelele yale ndiyo yanayomfanya mwanafunzi asahau shingo.