Kuiona Mwanza kutoka majini

Nimeishi Mwanza kwa miaka 38, na kwa muda wote huo nilikuwa nimeutazama mji huu kutoka nchi kavu tu, hasa kutoka kilima cha Mabatini nilikokulia. Shangazi yangu anayeishi Tabora alipokuja kututembelea mwezi Juni, aliomba jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka kuiona bandari kutoka ziwani, kama alivyokuwa akiiona babu yangu, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa kuli wa kupakua marobota ya pamba yaliyovushwa kutoka Ukerewe.

Tulikodi boti Capri Point saa moja asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma. Shangazi alimwamkia nahodha, “Mwangaluka, baba,” naye akaitikia kwa furaha, lakini hakuwasha injini mpaka alipokaza mwenyewe kila mkanda wa jaketi okozi alilotuvika. Safari nyingi za watalii huvuka moja kwa moja hadi kisiwa cha Saanane na kurudi. Sisi tulimwomba atuzungushe kwanza upande wa mjini, na nadhani kila mgeni anastahili kuzungushwa hivyo.

Jiwe la Bismarck, ambalo sote tumelizoea kwenye picha, ni kitu kingine kabisa ukilikaribia kwa boti. Jiwe la juu limesimama juu ya mengine kwa namna inayokufanya upunguze sauti. Minandi walikuwa wamekaa wametandaza mbawa zikauke, na mawe ya chini yalikuwa na mistari ya rangi tofauti, mmoja juu ya mwingine, inayoonyesha mahali maji yalipowahi kufika. Nahodha aliugusa kwa kasia mstari mmoja uliokuwa juu ya kichwa cha shangazi, akasema kwamba huo ni wa mwaka 2020, ziwa lilipojaa kupita kawaida. Jina lenyewe ni la Otto von Bismarck, chansela wa Ujerumani, nalo limebaki tangu enzi za Wajerumani, walioanzisha kituo chao hapa mwaka 1892. Matale yenyewe yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, kwa hiyo sioni kwamba jina hilo limeyapunguzia chochote.

Tulipopita mbele ya kivuko cha Kamanga na kuikabili bandari ya kaskazini, ndipo nilipouelewa mpango wa mji wangu. Ukiwa barabarani, mitaa ya katikati ya mji huonekana kama imejibana bila sababu. Ukiwa majini unaona kwamba kila kitu kilijengwa kwa kulielekea gati: maghala kwanza, kisha maduka, kisha nyumba zinazopanda mlimani. Kabla reli kutoka Tabora haijafika hapa mwaka 1928, mizigo ya Mwanza ilikuwa ikivuka ziwa hadi Kisumu, ambako reli ya kwenda Mombasa ilikuwa imefika tangu 1901. Kwa zaidi ya miaka ishirini, basi, njia ya pamba ya Usukuma kwenda baharini ilianzia majini. Baada ya reli, ziwa likawa linaleta na treni inachukua, na hapo katikati ndipo walipohitajika watu kama babu. Shangazi alituonyesha begani kwake mahali ambapo babu alikuwa na sugu ya robota, akasema kwamba alipokuwa mtoto alidhani kila baba anayo.

Kisha akauliza ni upande gani ilipozama MV Bukoba. Nahodha alipunguza mwendo, akanyoosha mkono kuelekea kaskazini, mahali ambapo ghuba inafunguka. Meli hiyo ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika Mwanza, na wengi wa waliopotea wamezikwa Igoma. Hatukuongea mpaka boti ilipogeuka.

Saanane tulikaa kwa saa moja tu. Kisiwa hicho kina jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Swala pala wanakula majani huku milio ya pikipiki za mjini ikisikika waziwazi, na pimbi wanaota jua juu ya mawe. Mwongozaji wetu aliwafahamu wanyama vizuri sana. Nilitamani angetueleza pia habari za mzee huyo na wavuvi wa zamani, maana wageni wa kigeni tuliokuwa nao walikuwa wakiuliza juu ya watu zaidi ya swala.

Tulirudi Capri Point saa tano, mawimbi yakiwa yameanza kugonga ubavu wa boti. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imevutwa ufukweni, taa zake zikiwa zimefunikwa, kwa kuwa mbalamwezi ilikuwa kubwa na wavuvi walikuwa mapumzikoni. Shangazi hakuwa ameridhika. Bandari ya kusini, kule Igogo ambako mabehewa huingizwa melini, hatukuifikia, na anakumbuka kwamba babu alifanya kazi huko pia. Tumeshakubaliana na nahodha: Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya upepo.